Urais Anaweza, Bodi ya Shule Hapana

Mimi nimezaliwa nchi ya serikali mbili, kwa hiyo nilipohamia Houston nilijiona mzoefu. Muungano naujua, na kero zake nazijua. Kumbe huku Marekani serikali ziko hamsini na moja, na kila moja na bangi yake.

Kazi yangu kuendesha semi. Nikiwa Texas, bangi ni pingu. Nikivuka kuingia New Mexico, kitu kile kile kinauzwa dukani kwa risiti, tangu 2022, na dada wa kaunta anakutakia siku njema. Nasogea mbele kidogo, nikishaipita Las Cruces, nakuta kizuizi cha askari wa mpaka. Hao ni wa serikali kuu, na kwao ile bangi ni haramu pamoja na risiti yake. Mbwa wao hasomi sheria za jimbo.

Na mimi wala sivuti! Moshi wa ubani tu hunikohoza. Lakini leseni yangu ya lori, kadi imetolewa na Texas, kanuni ni za serikali kuu, mkojo ni wangu mwenyewe. Siku yoyote naitwa kuujaza kikopo. Bado sijagusia karatasi za uraia: sisi wenye kadi ya kijani, wakaazi wa kudumu tusio raia bado, ukikiri umeonja, hata kule kwenye risiti, ombi lako linaweza kukwama. Basi nikipita mbele ya lile duka napandisha vioo na kubana pumzi, kama mtoto anayepita makaburini usiku.

Sasa jirani yangu. Mzee mmoja fundi bomba mstaafu, mchoma nyama hodari. Ujanani alikutwa na bangi kwenye buti ya gari, mzigo wa kutosha mahakama ya hapa Texas kuliita kosa kubwa. Akatumikia adhabu, ikaisha, akaoa, akazeeka. Oktoba 2022 Biden akatangaza kuwasamehe waliopatikana na bangi ya kutumia wenyewe. Jioni ile ile mzee akawasha jiko uani, mbavu za ng'ombe zikafuka moshi, anapiga kelele juu ya ua, "Ndugu yangu, rais kanisamehe!" Nikaenda. Nikampongeza. Nikala, nikafungiwa na za kupeleka nyumbani.

Wiki iliyofuata binti yake akalisoma tangazo lote mpaka chini. Rais husamehe makosa dhidi ya Marekani, yaani yale ya serikali kuu na ya jiji la Washington. La mzee ni kosa dhidi ya Texas. Hapo Biden hakuwa na ubavu, alichoweza ni kuwaomba magavana nao wasamehe. Kilichonimaliza zaidi: siku ile kwenye magereza ya serikali kuu hapakuwa na hata mtu mmoja aliyefungwa kwa kosa hilo tu. Kwetu rais akisamehe sikukuu ya Uhuru, lango linafunguliwa, watu wanatoka na vifurushi vyao. Hapa msamaha ulitoka, gerezani hakutoka mtu. Watu kama 6,500 wenye hukumu za serikali kuu walikadiriwa kufikiwa na msamaha huo, kwenye makaratasi tu. Sidharau makaratasi, mimi huku ndiyo maisha yangu. Ila mbavu nilishazila, na nilikuwa naona haya kukutana na mzee kwenye pipa la taka.

Huko Maryland gavana Wes Moore, Juni 2024, alisamehe hukumu za bangi zaidi ya 175,000 kwa kalamu moja. Gavana wa Texas hata akiamka na huruma, hawezi peke yake. Lazima bodi ya misamaha ipendekeze kwanza.

Mzee naye haraka yake ni basi. Basi la shule la wajukuu huchelewa kila siku, kwa hiyo akaamua kugombea bodi ya shule alinyooshe. Akaambiwa wewe una hukumu ya kosa kubwa, hugombei mpaka usamehewe au mahakama ikuondolee kizuizi. Kupiga kura ruksa, adhabu ulishamaliza. Kupigiwa, hapana.

Nikauliza kwa utani, na urais je? Binti akashika simu. Umri miaka 35, raia wa kuzaliwa, awe ameishi nchini miaka 14. Tukangoja aendelee. Hakuna zaidi. Jela haikutajwa. Mwaka 1920 Eugene Debs, mwanasiasa wa chama cha kisoshalisti, aligombea urais akiwa ndani ya gereza la Atlanta, akapata kura zaidi ya laki tisa. Trump 2024 alishinda akiwa na hukumu ya makosa 34 ya New York, na kwa kuwa ni ya jimbo, kalamu yake mwenyewe haiyafikii. Anasamehe ya watu, yake anayatazama.

Kwa hiyo mzee anaweza kukabidhiwa jeshi zima la Marekani, mabomu na ndege, lakini kuuliza basi namba saba liko wapi, hana sifa.

Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Jumamosi nimeona kibao kwenye nyasi zake, kaandika kwa rangi ya mabomba: RAIS. Chini yake, kwa herufi ndogo: basi lifike saa moja. Ananitaka niwe dereva wa kampeni. Nimekubali, ila nimemwambia mapema, mzee wangu, New Mexico tunapita vioo juu.