Yule mteja wa chaja ni mimi

Najua Side wa ofisini kwetu ameshawasimulia. Kwenye toleo lake nilimtukana bosi ndani ya mfumo, kisha nikazimia kikaoni. Sikutukana. Wala sikuzimia, niliinama kutafuta kalamu. Ngoja niseme mwenyewe, kidonda kikiwa bado kibichi.

Kazi yangu mnaijua, naandika maelekezo ya mifumo. Safari hii msomaji hakuwa binadamu. Ofisini wameleta wakala wa akili mnemba (mama, siyo wakala wa kutolea hela) anayewajibu wenye maduka kwenye WhatsApp mashine zao za risiti zikigoma. Jambo likimshinda, ana kifaa kinaitwa fungua_tiketi cha kulipeleka kwa mafundi (tiketi ni fomu ya kuripoti tatizo). Kilichomo ndani ya kifaa hakioni. Anajua yale tu uliyomwandikia: kifaa ni cha nini, kitumike lini, kila kisanduku kijazwe nini.

Mimi nikamwandikia Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mnaelewa. "Mteja akiandika ujumbe, fungua tiketi." Nukta. Visanduku vyote nikavitia "lazima". Ikabaki mifano. Sasa chaja yangu ya laptop ilikuwa imeazimwa "dakika tano tu" tangu Jumatatu, na mtu mwenye cheo. Kwenye mfano wa maelezo nikaweka: "Mashine ya risiti imegoma. Halafu yule meneja mwenye kipara arudishe chaja ya watu." Kipaumbele: dharura. Simu: yangu, uvivu wa kubuni tarakimu kumi. Ningefuta Jumatatu.

Nani alimwasha wakala wikiendi? Tuyaache.

Mteja anaandika "Mambo?" Wakala: huyu kaandika ujumbe, fungua tiketi. Maelezo ni lazima, mteja hajasema kitu, mfano upo, anaubeba mzimamzima. Mfumo ukichelewa kumjibu, anafungua nyingine, maana hakuna mahali nilipomkataza. Na kila dharura inatuma meseji kwa meneja, hata saa nane za usiku. Hadi Jumatatu asubuhi, tiketi 41.

Kikao saa tatu. Meneja ana macho mekundu, tiketi ziko ukutani kwa projekta. Akasoma kwa sauti. "Halafu yule... meneja... mwenye kipara." Mkono wake ukapanda wenyewe kichwani, ukapapasa. Hakuna aliyecheka. Ilisikika feni tu.

"Huyu mteja kaniona wapi mimi?" akauliza, kwa uchungu kabisa. "Na chaja gani?"

Macho ya watu kumi na wawili yakashuka pamoja, kama yamefungwa kamba moja: kwenye laptop yake, kwenye waya, kwenye ule utepe wa bluu niliouzungushia mwenyewe ili chaja isipotee.

Hapo bado ningepona. Ila yule mzee ni muungwana. "Mteja akilalamika mara 41 anapigiwa, anaombwa radhi." Akavuta simu ya mezani, akaweka spika. Sifuri. Saba. Anainua macho ukutani, anasoma, anabonyeza. Anainua tena. Nikawa namsindikiza kimoyomoyo tarakimu kwa tarakimu, naomba akosee hata moja. Hakukosea.

Wadau, mlio wa simu yangu ni jogoo.

Akawika ndani ya mfuko wa suruali. Nikabana mapaja, akawika kama anachinjwa. Nikabonyeza juujuu ya kitambaa, ikakatika, na yule dada wa mtandao akatangaza kwenye spika kwamba namba inatumika. "Yuko bize," meneja akasema. "Tujaribu tena." Jaribu tena! Kumbe wakala wangu ana ndugu. Jogoo akarudi na pumzi mpya, ndipo nikainama kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa sikioni. Chini ya meza nikaonana uso kwa uso na Side, naye kainama, anajiziba mdomo kwa tai.

"Pokea," sauti ikatoka juu.

Nikapokea, nikiwa huko huko chini. "Haloo?"

"Habari za asubuhi, ndugu mteja."

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba."

Mengine ni ya kawaida. Barua ya onyo nimepata. Maelekezo nimeandika upya: tiketi ifunguliwe tatizo likishindikana tu, pasipo na taarifa wakala amuulize mteja asibuni, mfumo ukikaa kimya aangalie kwanza kama tiketi ipo. Namba ya mfano sasa ni sifuri tupu. Mlio nimebadilisha, usiniulize.

Jana nimekuta chaja juu ya meza yangu, na tiketi zote 41 zimefungwa, sababu: "imetatuliwa". Nimeichomeka. Inachaji ukiukunja waya na kuushikilia kwa goti.