Kitufe cha SYNC hakina masikio

Ukikaa na ma-DJ wa zamani lazima mada irudi palepale, kitufe cha SYNC, eti kimeua ufundi, siku hizi mtu anabonyeza tu ngoma mbili zinaenda sawa na yeye anabaki kunyoosha mikono juu. Mi sikubaliani nao sana. Nimeanzia kwenye santuri, zile deki za Technics SL-1200MK2 zilizotoka 1979, zina kidude cha mwendo pembeni, asilimia 8 juu asilimia 8 chini, unasogeza taratibu, sikio moja kwenye hedifoni lingine kwenye spika, kidole kinagusa ukingo wa sahani kidogooo ngoma iliyochelewa imfikie mwenzake. Raha yake naijua. Na mgongo ulivyokuwa unauma kwa kubeba makreti naujua pia. Hata Grandmaster Flash, DJ mwanzilishi wa hip hop kule New York, miaka ya 70 alikuwa anachora santuri kwa krayoni ajue biti inaanzia wapi, sasa ile nayo si njia ya mkato?

Mi kinachonitisha ni skrini. Programu ya u-DJ kwenye laptopu, ambayo SYNC inaitegemea, inapanga mistari juu ya wimbo kuhesabu biti, na kama ngoma imetengenezwa na mashine mistari inakaa vizuri tu. Sasa weka wimbo wa zamani uliopigwa na bendi, mpiga drams ni mtu, kiitikio kikifika mzuka unampanda anakimbia bila kujijua, mistari imebaki nyuma huko. Yalinikuta. Nimebonyeza SYNC, naona biti 118 kwa dakika huku na 118 kule, nikainama kutafuta wimbo unaofuata, kumbe kwenye spika ni pakata-pakata kama punda wawili wanashuka ngazi, na mimi naamini namba! Kuinua kichwa, watu wanarudi kwenye viti.

Hii ya kumtenga mwimbaji na ala papo hapo, ambayo Serato, watengenezaji wa programu ya ma-DJ, waliiweka 2022, naikubali mia mia, maana zamani akapela, yaani sauti ya mwimbaji tupu bila ala, ulikuwa unaitafuta mpaka unachoka na mara nyingi haipo kabisa. Ila usiposikiliza bado utamkata mwimbaji katikati ya neno.

Sa hivi nikifanya mazoezi nafunika laptopu kwa taulo. Nusu saa ya kwanza ni aibu tupu, baadaye kidole kinaanza kukumbuka.