Dumu tupu na kamba vikae kando ya maji

Nimesoma habari ya kijana wa Kyela aliyewatoa wenzake waliokuwa wakizama Mto Kiwira. Hongera sana kijana. Huo ni ujasiri wa kweli, Mungu akulinde. Ila vijana wengine mnaosoma habari hii, msikimbilie kujitosa. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, pumzi ya kuitia hana. Ukimwendea kwa mbele anakukaba shingo na kukupandia, na hapo ndipo wanapokufa wawili.

Chukua dumu la lita 20, tia maji kama vikombe viwili ili upepo usilipeperushe, kaza kifuniko, funga kamba ya mita 15 hivi kwenye mkono wa dumu. Mtoni, simama chini kidogo ya alipo anayezama, maana maji yanamleta kwako. Lirushe lipite kichwa chake, kisha livute limfikie. Anayevuta alale kifudifudi au ashikwe na wenzake, la sivyo na yeye anaingia.

Akitoka hapumui, jamani, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo! Mnapoteza dakika, na matapishi yanaingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni mara 5. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, puliza 2, endelea hivyo hivyo. Mwingine apige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Akizinduka apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwani kupumua kunaweza kumbadilikia saa kadhaa baadaye.