Injini ya Kirikuu si Aibu kwa Gari la Michezo

Mbele ya gereji ya shemeji yangu, mtaa wa Magomeni hapa Mtwara mjini, kuna benchi refu lililotengenezwa kwa mbao za kreti, na juu ya benchi hilo hukaa watu wanaopenda magari kuliko uwezo wao wa kuyanunua. Mimi ni mmoja wao. Ninafundisha fizikia, na Jumapili nyingi alasiri hunikuta pale. Ubishi uliotushika kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote ulianza pale kijana mmoja alipotuonyesha kwenye simu picha za Caterham Seven 170, gari dogo la michezo la Kiingereza lililoingia sokoni mwaka 2021. Alisoma bei yake, akaibadilisha kuwa shilingi, kisha akasoma sifa za injini, na hapo akanyamaza kidogo. Aliyekuwa jirani yake ndiye aliyelisema jambo lenyewe: "Zaidi ya milioni sabini, halafu injini ya kirikuu?"

Kirikuu ni lile gari letu dogo la kubebea mizigo. Kicheko kilichofuata hakikunifurahisha, na tangu siku ile nimetaka kuandika kwa utaratibu kwa nini naamini waliocheka walikosea. Nimewasikia wapenzi wa magari wa kwingineko pia wakisema maneno yaleyale kwa lugha nyingine, kwamba gari la michezo linapoazima injini ya gari la mizigo limepoteza heshima yake.

Kwanza niseme kwamba kuhusu injini aliyesema maneno yale hakukosea sana. Seven 170 hutumia injini ya Suzuki aina ya R06A, yenye silinda tatu, ujazo wa sentimita za ujazo 660 na turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Familia hiyohiyo ya injini, isiyo na turbo, ndiyo inayokaa chini ya viti vya Suzuki Carry za kuanzia mwaka 2013, yaani hizi kirikuu mpya mpya zinazobeba makochi, maji na saruji katika mitaa yetu. Kabla yake kulikuwa na Seven 160, iliyotangazwa mwaka 2013 ikiwa na injini ya K6A, na K6A kila fundi wa Mtwara na Lindi anaijua, kwa kuwa ndiyo iliyojaa katika kirikuu zilizotangulia. Giaboksi na difu ya nyuma navyo vilitoka Suzuki. Shemeji aliposikia hivyo aliacha spana, akaja kuitazama picha kwa karibu, akasema kwamba kama ndivyo, basi hilo ndilo gari pekee la michezo kutoka Ulaya analoweza kulitengeneza bila kuagiza kitu nje ya mkoa. Huenda alizidisha kidogo, kwa sababu turbo na vifaa vyake si vya kirikuu ya kawaida, lakini maneno yake yalinifikirisha kuliko vicheko vya wengine.

Caterham ni kampuni ndogo kweli. Kiwanda chake kipo Dartford, kusini mashariki mwa Uingereza, na magari yanayotoka humo kwa mwaka ni takribani 500, idadi ambayo kiwanda kikubwa cha Japani huimaliza kabla siku ya kazi haijakwisha. Gari lenyewe, Seven, lilibuniwa na Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, na lilianza kuuzwa mwaka 1957. Waingereza wengi walilinunua likiwa vipande, wakaliunganisha wenyewe nyumbani, kwa kuwa gari la vipande lilikwepa kodi ya mauzo ya wakati ule. Sisi tunaosubiri magari yetu bandarini huku tukihesabu ushuru tunaweza kuwaelewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1973 Caterham ilichukua haki za kulitengeneza, na imeendelea nalo hadi leo. Kampuni ya namna hiyo haiwezi kubuni injini yake yenyewe. Gharama ya kuisanifu, kuijaribu na kuifikisha kwenye viwango vya moshi ni mzigo ambao magari 500 hayawezi kuubeba.

Ndiyo maana kuazima injini ni desturi ya watengenezaji wadogo wote wa maana, na si aibu iliyozuliwa na Seven 170. Ariel Atom 4 hukimbia kwa injini ya Honda Civic Type R. Lotus Elise, gari ambalo wapenzi wengi hulitaja kwa heshima kubwa, lilianza mwaka 1996 na injini ya Rover, kisha likahamia Toyota. Toleo la Elise S la mwaka 2006 lilibeba 1ZZ-FE ya lita 1.8, na 1ZZ ndiyo injini inayowapeleka watu harusini, hospitalini na stendi katika Toyota Wish za lita 1.8 za kizazi cha kwanza unazoziona hapa mjini. Lotus Emira ya mwaka 2021 nayo, ile yenye silinda sita, ina 2GR-FE ya Toyota iliyoongezewa supachaja, ambayo nayo husukuma hewa ndani ya injini kama turbo, ndugu wa injini ya Harrier ya lita 3.5. Hakuna mtu pale kijiweni aliyewahi kuicheka Elise. Waliicheka Seven kwa sababu Wish na Harrier ni magari ya watu waliofanikiwa, ilhali kirikuu ni gari la mtu anayebeba mizigo ya wengine. Naona hapo tulikuwa tunapima hadhi ya dereva badala ya ubora wa mashine.

Mashine ipimwe kwa uzito wake. Seven 170 ina kilo 440. Nguvu yake ni farasi 84 tu, lakini kwa kuwa haina cha kuburuta, hufikia kilomita 97 kwa saa katika sekunde 6.9 kutoka kusimama, na mwendo wake wa juu kabisa ni takribani kilomita 169 kwa saa. Matairi yake yana upana wa milimita 155, yakipishana kwa milimita kumi tu na yale 145 tunayoyafunga kwenye kirikuu. Mtu anayezoea kusoma takwimu za magari ya farasi 600 ataziona namba hizo kuwa za kitoto. Mimi nilijifunza kuziheshimu mahali pasipo na uhusiano wowote na mashindano.

Wakati tulipokuwa tukimjengea mama nyumba Newala, nilichukua kirikuu ya kaka yangu kwenda kununua saruji Masasi. Tulipakia mifuko saba, kilo 350, ambacho ndicho kiwango Wajapani walichokusudia gari lile libebe, tukaingia watu wawili mbele. Ukitoka Masasi kuelekea Newala unafika mahali ambapo uwanda wa juu wa Makonde unakusimamia mbele kama ukuta, na barabara inaupanda kwa kona. Tulipanda kwa gia ya pili, mara nyingi ya kwanza, injini ikilia kwa sauti nyembamba, na katika kila kona nilihisi mzigo ukitaka kwenda kule gari lilikotoka badala ya kule nilikolielekeza. Kesho yake niliteremka njia ileile gari likiwa tupu, nikapanda tena jioni likiwa bado tupu. Injini ilikuwa ileile, matairi yaleyale, dereva yuleyule, ila nilikuwa nikiendesha chombo kingine kabisa: kilisimama nilipokanyaga breki, kiligeuka pale mikono yangu ilipowaza kugeuka, na kwenye kona ile ya mwisho kabla ya kufika juu nilijikuta nikitabasamu peke yangu. Nimefundisha habari ya masi na mchapuko kwa miaka mingi, lakini siku hiyo ndipo nilipoielewa kwa mgongo na viganja.

Nguvu nyingi inaweza kulipia uzito kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye kona haiwezi. Gari zito linapoingia kona linahitaji tairi pana zaidi ili lisiteleze, tairi pana linahitaji rimu nzito zaidi, rimu nzito inadai shokapu na breki kubwa zaidi, na kila kimoja kati ya hivyo kinaongeza kilo zake, mpaka mhandisi anajikuta akiongeza nguvu ili kubeba vifaa alivyoviweka kwa sababu ya nguvu. Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na takribani kilo 725. Emira, gari zuri lililotoka katika nyumba hiyohiyo, lilitangazwa likiwa na kilo 1,405. Mtengenezaji mdogo ndiye pekee aliyebaki na uhuru wa kuukata mnyororo huo mapema, kwa sababu mteja wake hadai viti vya umeme wala kioo kikubwa cha ramani. Seven 170 ni matumizi sahihi ya uhuru huo, na injini ndogo ya Suzuki ndiyo iliyouwezesha, maana ni nyepesi yenyewe na haihitaji chesisi nzito ya kuibeba.

Kuna malalamiko ambayo sikuweza kuyajibu, nami siyakatai. Gari halina milango ya maana, na masika yetu ya Machi na Aprili yangemlowesha dereva mpaka kwenye mifupa. Hilo naliona dogo, kwa kuwa anayenunua Seven anajua anachokinunua. Lililo kubwa ni bei. Seven 160 ilipotangazwa mwaka 2013 ilianzia pauni 14,995 ikiwa vipande. Miaka minane baadaye Seven 170 ilianzia pauni 22,990, nayo ikiwa vipande vilevile. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya nusu kwa gari ambalo thamani yake yote inatokana na vitu vilivyoondolewa. Wapenzi wa magari wangeelekeza hasira yao hapo ningeungana nao, kwa sababu gari dogo la injini ya bei nafuu lilikuwa mlango wa kijana wa kipato cha kawaida kuingia katika ulimwengu huu, na mlango huo unafungwa polepole.

Ubishi wetu umeamka upya kwa sababu ya gari linalofuata. Mwaka 2021 Caterham ilinunuliwa na VT Holdings ya Japani, na Julai 2023 ilionyesha Project V, gari la umeme lenye bodi iliyofunikwa, lisilofanana na Seven hata kidogo. Pale kijiweni wazee wa injini walilikataa palepale. Wanasema gari la michezo bila mlio ni sawa na ngoma bila mpigaji. Vijana wawili, mmoja wao akiwa dereva wa bajaji aliyechoka na bei ya petroli, walilitetea kwa moyo wote.

Msimamo wangu haukutegemea mlio. Lengo lililotangazwa kwa Project V mwaka 2023 lilikuwa kilo 1,190, ambalo kwa gari la umeme ni jambo la kupongezwa, kwa sababu betri ni nzito na watengenezaji wengi wamekata tamaa ya kushindana nayo. Lotus Eletre, gari kubwa la umeme, kwa mfano, inakaribia tani mbili na nusu. Lakini nilipokaa kupiga hesabu nilishtuka. Kirikuu ya kaka yangu ina takribani kilo 700. Ongeza saruji kilo 350, ongeza sisi wawili tuliokuwa mbele, unapata karibu 1,190. Najua mota ya Project V inakusudiwa kuwa na nguvu karibu mara tano ya injini ya kirikuu, na uzito wake utakaa chini, katikati ya magurudumu, si juu ya tela kama mifuko yetu. Hata hivyo masi ni masi, na breki zitaijua.

Kwa hiyo sisemi Caterham isitengeneze gari la umeme. Nchi inakouzia inaelekea huko, na kampuni ndogo isiyojiandaa hufa. Tumeyaona pia madhara ya kampuni ndogo kuahidi makubwa kuliko uwezo wake: TVR, kampuni nyingine ndogo ya Kiingereza, ilionyesha gari lake jipya la Griffith mwaka 2017, watu wakalipa amana, ahadi ya kuanza kukabidhi magari mwaka 2019 ikapita, na miaka ikaendelea kupita. Project V ikichelewa sitalalamika, ilimradi izitimize kilo zile 1,190 itakapofika mikononi mwa mnunuzi, kwa kuwa gari la maonyesho ni jepesi siku zote na gari la kuuza huongezewa vitu. Ninachoiomba kampuni ni kwamba, wakati pesa na wahandisi wake wakielekezwa huko, injini ya silinda tatu isiachwe ikafa kimyakimya kwa kisingizio kwamba wanaoitaka ni wachache na faida yake ni ndogo.

Jumapili iliyopita kirikuu moja ililetwa gerejini ikiwa imefunguliwa injini, R06A, ikawekwa juu ya meza ya chuma. Shemeji alimwita mmoja wa vijana waliocheka siku ile, akamwambia aishike upande mmoja naye akashika upande wa pili, wakainyanyua. Kijana aliishusha, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza, safari hii bila kucheka, kama gari lile lilikuwa kilo 440 kabla au baada ya kutiwa mafuta.