Mashine Haioni Kidole

Jamani, mimi nipo. Nakula, nadaiwa, nachangia harusi za watu nisiowajua. Lakini kwa wakala wa simu hapa Mtwara mjini, mimi sipo. Nimekwenda kusajili laini, mashine ya alama za vidole imenikataa. Binti wa watu ananiambia, "Baba, futa kidole." Nikafuta. "Weka cha kati." Nikaweka. "Haya, hicho kidogo." Nikamwuliza, binti yangu, nivue na viatu?

Mchawi wangu ni korosho. Msimu ukifika tunabangua nyumbani, na lile ganda lina mafuta makali yanayochuna ngozi. Pakaa majivu utakavyo, mafuta yatapenya tu. Eti mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Basi huyu ndiye aliyerithi hasira zote za ukoo. Msimu ukiisha, ncha za vidole zinateleza kama kigae cha bafuni.

Na mtu mzima ana ngozi ya karibu mita 2 za mraba! Ukiitandika inazidi kanga moja. Mgongo wangu mzima, mapaja mazima, tumbo ndiyo usiseme, limejiongezea eneo bila kibali. Yote hayo mashine haitaki. Inataka pale pale palipochunika.

Wataalamu wanasema nitulie. Vile vimistari vilichorwa nikiwa tumboni mwa mama, na ramani yake iko chini ya ngozi ya juu, ambayo hujipukutisha na kuota upya kwa wiki 4 hivi. Juu pakichunika, michoro ileile hurudi. Sawa, lakini korosho zinanisubiri wiki 4? Mwaka 1892 kule Argentina muuaji alinaswa kwa alama ya kidole chenye damu mlangoni. Angekuwa mbangua korosho wa huku kwetu, wangekuwa wanamtafuta hadi leo.

Anayenimaliza ni mama mkwe, Mmakonde wa Newala. Uso wake una nembo, chale alizochanjwa usichanani zikapakwa mkaa wa mbarika. Ule mkaa ulizama kwenye tabaka lisilopukutika, chembe za ulinzi wa mwili zikaumeza na kuukalia, hautoki ng'o. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alifunga safari hadi Newala, akaandika habari za nembo hizo na kupiga picha. Hata vinyago vya mapiko, vile vya kuvaliwa kwenye ngoma ya Wamakonde, huwekewa nembo kwa nta. Yaani kinyago kinatambulika, mimi baba wa familia sitambuliki!

"Baba Salima," ananiambia taratibu, "sisi ukituona usoni tu, unajua tumetoka wapi. Wewe unaulizwa kidole, na kidole chenyewe huna."

Kwa mkwe utajibu nini? Nikameza mate.

Basi akafunga kanga yake vizuri, tukaongozana hadi kwa wakala. Yeye kubangua aliacha zamani, vidole vyake vimesharudi. Akaweka kimoja tu, mashine ikaitika hapohapo, na laini ikasajiliwa kwa jina lake. Sasa nikitaka kutoa hela yangu mwenyewe, naanza kwa kupiga hodi kwa mkwe. Na juzi pale feri nimemlipa muuza samaki kwa simu. Akasoma ujumbe, akanitazama, akasoma tena, kisha akainama kwa adabu zote: "Shikamoo, bibi."