Tezi dume: picha kwanza au sindano?

Mwanamume wa Nairobi akipima damu na PSA (protini ya tezi dume ambayo ikipanda huzusha shaka ya saratani) ikatoka 6 au 8, njia iliyozoeleka ni hii: analazwa ubavu, kifaa cha ultrasaundi kinapitishwa njia ya haja kubwa, anachomwa sindano 10 hadi 12, vinyama vinapelekwa maabara. Sindano hizo hazina shabaha. Hutawanywa kwenye tezi kwa matumaini kwamba mojawapo itaukuta uvimbe.

Utafiti wa PROMIS wa Uingereza (2017) uliuanika udhaifu huo. Kati ya wanaume 576 waliopimwa kwa sindano hizo na pia kwa MRI (picha inayopigwa kwa sumaku), sindano za kubahatisha zilinasa 48% tu ya saratani za hatari. MRI ilinasa 93%. Mwaka uliofuata, utafiti wa PRECISION uliongeza jingine: walioanza na picha waligunduliwa saratani zisizo na haja ya kutibiwa 9%, wenzao wa sindano 22%. Hili kwangu ni zito zaidi. Mzee akishaambiwa ana kansa, hata kama ni ile iliyolala tu, yeye halali tena.

Ila tusiipe picha kazi isiyo yake. Gredi, yaani kiwango cha ukali wa saratani, haitoki kwenye MRI. Alama ya Gleason, namba mbili za ukali zinazojumlishwa, ile ya seli zilizoenea zaidi ikitangulia, huitoa mwanapatholojia kwa hadubini, na 3+4 si sawa na 4+3 ingawa zote ni 7. Picha huielekeza sindano penye ubaya zaidi, ili gredi isisomeke chini ya ilivyo. Tena, katika PROMIS hiyo hiyo, wasio na saratani ya hatari ambao MRI iliwatoa mashakani walikuwa 41% tu. Waliobaki wangechomwa vilevile. Hapa Nairobi maana yake ni kulipa mara mbili.

Kuna na yule anayefika hospitalini saratani imeshaenea, mifupa ikimuuma, PSA imepita 100. Na wengi kwetu huchelewa hivyo. Kumweka foleni ya MRI kabla ya sindano ni kumcheleweshea dawa bure. Picha ni ya yule wa 6 au 8.

Kwake huyo, gharama inaweza kupungua: utafiti wa PRIME (2025) ulionyesha kuwa MRI bila dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani hugundua sawa na ile kamili, mradi picha ziwe safi na msomaji awe mzoefu. Kwa hiyo ukiuliza bei, uliza pia nani ataisoma, na kwa mwaka husoma ngapi za tezi dume.