Saa Kumi ya Idd Mosi

Binti wa kaka yangu ana miaka sita. Idd el-Fitr iliyopita alinipotea hapa Malindi, pale kwenye pembea. Simu ilisema ni dakika ishirini. Moyo wangu mpaka leo haujakubali. Nilikuwa na watoto watano, wangu wawili na watatu wa kaka. Nilimwachia mkono nitoe pesa mkobani, nikageuka, hayupo. Mbele kanzu, nyuma mabuibui, na muziki wa mwenye pembea umefunguliwa mpaka mwisho, hata ukiita jina husikii sauti yako.

Tulimkuta kwa mama anayeuza achari na mabuyu. Alikuwa amepindua kreti la soda, akamsimamisha mtoto juu yake. Mkono mmoja kamshika kiuno, wa pili unaendelea kuwafungia watu achari. Gauni jipya la waridi lilikuwa limelowa machozi mpaka kifuani, na kiatu kimoja hakipo. "Nimemweka juu mwenyewe amuone," aliniambia. "Hapa chini mtoto haonekani." Nikataka kumpa chochote, akakataa kabisa. Mola amlipe.

Tangu siku ile sijanyamaza nyumbani, na sasa nalisema na huku. Saa kumi ya Idd mosi si saa ya kuwatoa watoto. Msongamano ule tunaorudi tukiulalamikia, ni sisi tunaoupanga, mji mzima kwa saa ile ile moja, kila mwaka.

Tazameni siku inavyokwenda. Mtoto kaamka kabla ya adhana ya alfajiri, nguo mpya alilala nazo kando ya mto. Kaoga, kavaa, kapakwa udi. Wanaume wametoka kuswali, watu wamepeana mkono, mahamri yameliwa. Saa tatu asubuhi mtoto yuko tayari, mkono wa Idd anao mfukoni, na hapo ndipo tunamwambia akae asichafuke. Akae mpaka wageni wa kwanza waondoke. Mpaka biriani iive. Mpaka iliwe, vyombo vioshwe, Baba alale kidogo, Mama aoge. Mpaka alasiri iswaliwe. Anakaa kitini na nguo zake mpya saa saba nzima, na tunapomtoa hatimaye, kesha choka, jua limemchosha, njaa ya pili inaanza, na kila nyumba kuanzia Shela mpaka Barani, Maweni mpaka Muyeye, imefungua mlango dakika ile ile. Tuktuk hakuna. Ukiipata, bei imepanda. Sikukuu tunasema ni ya watoto, kisha tunawapa kipande cha mwisho cha siku, kile tulichokibakisha baada ya shughuli zetu wakubwa.

Na walio na nia ya kwenda ufukweni badala ya pembea, wao wamekosea mara mbili. Hili linaniuma zaidi, kwa sababu sisi ni watu wa bahari na babu zetu wasingelikosea.

Idd el-Fitr ni mwezi mosi. Mwezi umeandama jana magharibi, watu walipanda juu ya madari kuutafuta. Sasa mwezi ukiandama, bahari iko wapi? Iko kwenye bamvua, maji makubwa yanayojaa juu sana na kupwa mbali sana. Kila mvuvi anajua hivyo. Na bamvua la pwani yetu halina siri: maji hupwa asubuhi kwenye saa nne hivi, hujaa kwenye saa kumi alasiri, na kila siku husogea mbele kama dakika hamsini. Haibadiliki, Idd iangukie kaskazi au kusi, mwezi wa tatu au wa kumi. Kalenda ya Idd na kalenda ya maji ni moja.

Kwa hiyo Idd mosi saa nne asubuhi, kule Silversands na Casuarina bahari imerudi nyuma, mchanga umefunguka mpana, na maji yamebaki kwenye vidimbwi vya miambani ambamo mtoto wa miaka minne anasimama na maji hayampiti goti. Samaki wadogo anawaona bila kuvaa chochote usoni. Muda huo ufuko ni mtupu. Watu wako jikoni.

Saa kumi tunafika sisi. Bahari imejaa mpaka juu, imebaki kamba ya mchanga, na juu ya kamba hiyo tunajipanga mji mzima pamoja na ngamia wa kupanda, mipira, wauza barafu na vijana wanaoruka sarakasi. Wimbi la bamvua linampiga mtoto kifuani hatua ya tatu tu. Halafu tunashangaa kwamba watu wamekuwa wengi. Watu ni wale wale. Mchanga ndio umekwenda.

Idd el-Hajj ni tofauti, msije mkachanganya. Ile huwa mwezi una siku kumi, bamvua limeshapita, maji yamelegea, hayendi mbali wala hayapandi sana. Hujaa karibu na adhuhuri na hupwa kuelekea magharibi, basi siku hiyo jioni ni ya ufuko na asubuhi ni ya kuchinja na kugawa nyama. Hapo sina ugomvi na mtu.

Najua nitakayojibiwa: asubuhi nani awapeleke, na mama yuko kwenye sufuria? Swali zuri, na jibu lake limevaa kanzu. Baba kesha swali. Saa mbili na nusu, saa tatu, ametoka msikitini, hana kazi, mpaka chakula cha mchana anakaa barazani na kahawa. Yeye ndiye mwenye asubuhi. Achukue wanawe, na wa jirani yake mgonjwa, na mayatima wa mtaa kama wapo, awapeleke wakati maji yanapwa. Saa tano na nusu ageuze. Maji yakianza kurudi juu ya miamba hayapigi hodi, na mtoto asiachwe akifuata vidimbwi kwenda mbali. Saa sita na nusu wako nyumbani, wamekoga, wana njaa ya kweli ya biriani, na alasiri wanapopelekwa kuamkia kwa bibi watakaa kwa utulivu kwa sababu siku yao wameshaipata. Na yule mama aliyepika amepata nyumba iliyotulia ya kupikia. Sioni aliyepoteza hapo, isipokuwa kahawa.

Kitu kimoja: kombe na matumbawe yaachwe palipo. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 1968, kuokota ni marufuku, na watoto wanafundishika.

Upande wa pembea, tatizo ni siku kuliko saa. Sikukuu yetu ina mosi, pili, tatu, na pembea zinabaki uwanjani siku zote tatu. Watu wakiwa wengi, mwenye pembea anafupisha mzunguko, si kwa ubaya, foleni inampigia kelele. Unalipa bei ile ile, mtoto anazungushwa mara chache, anateremshwa. Watu wakiwa wachache, anamwacha azunguke mpaka achoke. Hata wanaokwenda Disneyland huko Marekani, iliyofunguliwa 1955, wanajua hesabu hii: fika lango linapofunguliwa, anza na mchezo unaotamaniwa na wote, vile vidogo utavipata baadaye.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila mtu ana Idd pili. Serikali hutoa siku moja, na anayeajiriwa kesho yake yuko kazini. Idd ikiangukia katikati ya muhula, shule nazo zimefunguliwa. Sawa. Basi asubuhi ya mosi ipo, haijachukuliwa na mtu. Na kama lazima iwe alasiri ile ile, andika namba ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu kabla hujatoka nyumbani, chini ya mkono wa gauni, na muoneshe mahali pamoja pa kusimama akipotea. Mimi sikufanya yote mawili.

Gede nako ni pazuri kwa siku ya tatu, kivuli tele na kima wanaorukia matawi, na magofu yale tangu 2024 yako kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watoto wa Malindi wengi wanapita barabarani tu kwenda Mombasa.

Idd tatu niliwarudisha kwenye pembea, saa tatu na nusu asubuhi. Yule mdogo alikuwa hataki. Alinishika buibui kwa mikono miwili tangu tuliposhuka kwenye tuktuk. Uwanja ulikuwa na familia tatu, nne. Muziki ulikuwa chini, unasikia vyuma vya pembea vinavyolia. Mwenye pembea alimwinua mwenyewe, akamfungia mnyororo, akamuuliza polepole au haraka. Alisema polepole. Mara ya pili alisema haraka. Mara ya nne nilikuwa sina chenji tena, na aliteremka bila kuitwa, akavuka uwanja peke yake nikimwona kila hatua, mpaka kwa mama wa achari aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua ndoo zake. Akasimama mbele ya lile kreti.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kiatu ulikipata?"